Masika ya Bi Kofia

Jumanne, 15 Machi 1994. Kibiti.

Daftari hili kaninunulia mume wangu Tahiri. Alisema, "Mama Huseni, maneno yako ni mengi kuliko masikio yangu. Mengine yaandike." Basi naandika. Leo ni Idi pili. Nina miaka arobaini na saba, magoti mawili mabovu, wana watatu wote wa kiume, na wifi mmoja ambaye Mungu akinipa nafasi nitamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Wifi huyo ni Shufaa, mke wa mdogo wangu Abdala. Binti yao Salima alimaliza darasa la saba mwaka jana, akavunja ungo, akawekwa ndani. Mwali akishawekwa ndani, kwetu hasemwi. Ukiuliza yuko wapi unaambiwa kasafiri, nawe unaitikia, "Afike salama," hali unajua yupo nyuma ya pazia anasugua msio wa kujipaka. Atatoka baada ya mavuno, na siku hiyo anayembeba mabegani kumpitisha mjini ni shangazi yake. Mimi nilibebwa na shangazi yangu, naye na wake. Sina binti, Abdala hana mwingine. Yaani nikimkosa Salima nimekosa moja kwa moja.

Leo nimekwenda kutoa mkono wa Idi. Wifi kaniambia mbele ya wageni, anajipepea, "Wifi, Salima atabebwa na Kuruthumu, huyu somo wa kumfunda tuliyemtoa Dar. Kuna mtu anakuja na kamera ya video. Sasa wewe na magoti hayo, na mwili huo, kwenye video si utaonekana gunia limebeba kikapu?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mimi ndivyo nilivyo, hucheka kwanza, nikakasirika nikifika nyumbani.

Nimefika nyumbani.

Alhamisi, 17 Machi

Mvua. Nimepiga mapazia ya watu pindo. Mawili nimeyashona juu chini.

Jumamosi, 19 Machi

Tahiri anasema nisamehe. Nimemwambia nitasamehe, lakini nina kazi kwanza.

Alhamisi, 24 Machi

Leo nimekwenda kwenye banda la video, kwa mara ya kwanza. Mwenyewe Mahamudu, na banda kalijenga mwaka jana, mgongo kwa mgongo na nyumba ya Abdala. Makuti yake yanagusa ukuta wao. Siku hizi mambo yamefunguliwa, kila mwenye mjomba Dar analeta chake. Huyu kaleta televisheni, deki na jenereta linalokohoa kama mzee mvuta kiko. Siku zote ni mateke na ngumi za wanaume. Alhamisi baada ya adhuhuri ni yetu wanawake, na tunawekewa vichekesho.

Kanda ya leo ni ya Kizungu. Kuna baba kipara, mama ana kofia kubwa kama ungo wa kupepetea, na binti yao aliyefungwa waya kwenye meno. Binti anatimiza umri, mama anamwandalia sherehe. Kila kitu kinaharibika. Farasi anaingia sebuleni, keki inapanda ngazi haishuki.

Mahamudu alikuwa anatutafsiria. "Anasema kakasirika. Sasa anasema anakwenda. Huyu naye kakasirika."

Mwanabibi muuza samaki akamkata. "Mahamudu, hao tunawaona wenyewe kuwa wamekasirika! Wamekasirikia nini?"

"Kizungu chao kina haraka, mama."

"Basi mpishe Mwanaamina. Kungwi yule, mdomo anao."

Nikasema, "Jamani, Kizungu changu kinaishia gudi moning ticha."

"Nani kakuuliza Kizungu?" akasema Mwanabibi. "Tuambie wanasema nini!"

Nikasimama kando ya televisheni kwa aibu. Sijui lolote, lakini nimecheza michezo ya unyago miaka ishirini. Nimekuwa mume mlevi, mama mkwe na mbuzi. Nikaanza kuwasemea, na wanawake wakaanza kuinama kwa kicheko.

Ndipo akaja mpigapicha katika filamu, watu wakapanga mstari, na Bi Kofia akamwona mama mmoja mnene kasimama nyuma ya binti. Akamsukuma. Yule mama akaangukia jikoni, mlango ukafungwa, picha ikapigwa bila yeye. Ni mpishi? Ni jirani? Mungu anajua.

Nikaamua ni shangazi.

"Wifi!" nikasema kwa sauti ya Bi Kofia, na kidole kimoja kikigonga mdomo kama Shufaa anavyogonga akitaka kusema uongo. "Wifi, nenda jikoni, usije ukajaza picha!"

Wakatazamana. Halafu Mwanabibi akapiga ukelele, na banda likatingishika. Nilipaza sauti makusudi, ukuta wa nyuma usikie.

Ijumaa, 25 Machi

Nimelala kama mtoto aliyenyonya.

Jumamosi, 2 Aprili

Barabara ya Dar imekatika. Malori yamezama hadi vioo. Mahamudu hapati kanda mpya, kaja kuniuliza kama wanawake watakubali kuangalia ile ile. Nimemwambia, "Wewe washa jenereta. Upya nitauleta mimi."

Alhamisi, 7 Aprili

Mvua imepiga makuti mchana kutwa na bado wamejaa. Kuna pahali Bi Kofia anakaa juu ya sanduku, anakataa kunyanyuka. Mara ya kwanza nilisema kachoka. Leo nimesema, "Hapo kakalia debe la sukari! Wageni wameingia, naye anajishika kiuno, ooh, mgongo wangu, siwezi kunyanyuka kuwapikieni chai!"

Ni Shufaa huyo, miaka ile ya sukari ya foleni, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya debe kumziba. Wote walimjua papo hapo. Semeni, jirani yangu, kacheka hadi kaombwa atoke nje.

Kwenye michezo ya unyago tunaruhusiwa kumcheza yeyote, awe mke wa jumbe, na haruhusiwi kununa. Mimi nimeihamisha ruhusa hiyo, nimeipeleka kwa Mahamudu. Nani atanishitaki? Nasimulia filamu ya Wazungu.

Jumatatu, 11 Aprili

Sokoni watoto wamemwita wifi "Bi Kofia". Nimenunua kambale wawili kwa furaha.

Alhamisi, 14 Aprili

Leo yule mwenye farasi, anayevaa glovu na kutembea kama kakanyaga yai, nimemfanya somo wa Dar. "Mwali, nyoosha shingo! Mwali, usimuone mtu!" Kisha farasi anamburuza kwenye bwawa. Bwawani nimemwacha kwa muda mrefu kidogo kuliko anavyokaa mwenyewe.

Kuna kipande kimoja tu kinachonisumbua, nacho kiko karibu na mwisho. Binti wa waya anakaa kwenye ngazi peke yake, kichwa magotini. Hapana farasi, hapana keki, hapana anayesema. Mchekeshaji hapo hana pa kushika. Mimi hukohoa, nikawaambia wanawake vumbi la banda hili litaniua, nikamtania Mahamudu mawili matatu, hadi keki inaporudi.

Jumapili, 24 Aprili. Ruaruke.

Tupo shambani, juu ya dungu, tunaamia ndege. Mpunga umetoa mashuke. Tahiri anarusha kombeo, mimi napiga kelele. Ndege wananiheshimu zaidi.

Jumanne, 26 Aprili

Abdala kanifuata hadi Ruaruke kwa miguu, suruali imekunjwa, tope magotini. Huyu mtoto nimembeba mgongoni. Hakukaa.

"Dada, unamvua mke wangu nguo."

"Mimi? Mimi nasimulia filamu."

"Filamu gani ina debe la sukari?"

"Kwani Wazungu hawanywi chai?"

Akataka kucheka, nilimwona kwenye pua, akajizuia. "Dada, alikosea siku ya Idi. Nilimwambia."

"Ulimwambia lini? Siku ile ulikuwepo, Abdala. Ulikuwa unamenya chungwa."

Akainamisha kichwa. Chungwa lile nitalikumbuka. Alipokuwa anashuka ngazi ya dungu nikampa mkungu wa ndizi ampelekee, nikauma ulimi nisiseme ampelekee nani, maana huyo kasafiri.

Tahiri kasema, "Amina, ulichotaka umekipata. Nyamaza sasa."

Sijakipata. Sitaki achekwe tu mwenye debe. Nataka Shufaa aje mwenyewe, kwa miguu yake, akae chini kwangu, aseme, "Wifi, mbebe." Nami nimwambie, "Gunia limechoka."

Alhamisi, 28 Aprili

Nimerudi Kibiti kwa ajili ya banda tu. Wanaume nao wamejipanga nje, masikio kwenye makuti. Mahamudu kaniletea soda bila kuombwa.

Alhamisi, 5 Mei

Kanda imeanza kukwaruza. Bi Kofia ana mstari mweupe usoni kama kapigwa bakora. Nimeitumia hiyo pia.

Jumatatu, 9 Mei

Kuruthumu kaondoka! Barabara imefunguka kidogo, lori la kwanza la mbao limepita na yeye kapanda mbele, boksi lake kapakata. Semeni alikuwepo stendi. Anasema wauza vitumbua walimlilia kama farasi, wote kwa pamoja, akawaambia, "Nyinyi watu wa huku hamna adabu." Wakamlilia tena.

Watu wa Dar hawakuzoea. Nimemwonea huruma, halafu nikapika pilau.

Alhamisi, 12 Mei

Leo nimempita kila aliyewahi kusimama kwenye banda lile. Bi Kofia hana tena mwenye farasi, anazunguka nyumba anaita, "Nani atambeba mwanangu? Nani ana mabega?" Wanawake wote wakajibu, "Jikoni! Yuko jikoni!" Wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, na yule shangazi mnene anafungua mlango wa jikoni akiwa na unga hadi kwenye kope. Nilidhani makuti yataanguka.

Wifi alikuwa nyumbani kwake. Nilimsikia akifunga dirisha la nyuma.

Jumapili, 15 Mei

Amekuja.

Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuvaa baibui lake la Dar, alijifunika kanga kuukuu. Nilikuwa kwenye cherehani. Kiti kilikuwepo, sikumwambia kaa, naye hakukitazama. Akakaa chini, kwenye sakafu, penye vipande vya vitambaa.

Nimeingoja siku hii miezi miwili. Hotuba ninayo, nimemsomea Tahiri mara nyingi hadi anaijua.

"Wifi," akasema, "nimekuja unibebee mtoto."

Nikaendelea kushona. Nilikuwa nashona hewa, uzi ulikuwa umekatika.

"Mgongo unaniuma," nikasema. "Si unajua mtu akikalia debe muda mrefu."

"Nitukane. Nimestahili. Ulikuwa unanizibia debe lile nami sikukushukuru." Akajifuta uso kwa kanga. "Ila nikuulize kitu kimoja. Ukiwa unapaza sauti pale, ulikuwa unataka nani asikie?"

"Wewe."

"Mimi Alhamisi nakwenda kisimani, wifi. Toka ile ya pili nakwenda kisimani, nakaa hukohuko hadi jenereta linyamaze. Nilirudi mapema Alhamisi hii tu, kufunga dirisha. Wewe umesahau nani anayelala chumba cha nyuma?"

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani.

Wallahi nilisahau. Siyo kwamba sikujua. Ukuta ule nimesaidia kuukandika. Lakini mwali si kasafiri? Miezi yote nimekuwa nikiulizwa habari zake najibu "Afike salama", hadi kweli nikamwona yuko safarini. Hawezi kutoka kwenda kisimani. Hawezi kuziba masikio kutwa nzima. Mama yake kachekwa mji mzima, na ukuta ukamletea neno kwa neno, kwa sauti ya shangazi yake.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Mwanzoni alicheka na yeye. Sasa hasemi."

Hapo nilipaswa kumnyanyua. Mwanamke mwema angemnyanyua. Mimi nikamwambia, "Nitafikiri," nikamwacha aondoke na mvua yake.

Jumatatu, 16 Mei

Nafikiri.

Alhamisi, 19 Mei

Nimemwambia Mahamudu naumwa. Kanda imeonyeshwa bila msemaji. Semeni anasema waliangalia nusu wakaanza kusukana.

Jumamosi, 21 Mei

Idi kubwa. Nimepeleka paja la mbuzi kwa Abdala, nimemkabidhi Shufaa mkononi. "Niambie siku," nikasema. Akasema, "Mwezi ujao, mpunga ukishaingia ndani." Sijamsamehe. Nimempa nyama na jibu.

Jumatano, 8 Juni. Ruaruke.

Tunavuna. Mikono inawasha, mgongo umekatika. Jioni nimembeba mtoto wa jirani mabegani kuzunguka kiwanja cha kupuria, kujaribu magoti. Tahiri kacheka hadi kakaa juu ya mpunga. Mtoto alitaka tena.

Jumapili, 19 Juni. Kibiti.

Jana mwali katoka. Ya ndani siyaandiki, hayaandikwi. Ya uwanjani, mbele ya wanawake wote, nitayaandika, maana yamenipata mimi.

Kwetu mwali akitoka huonyesha wakubwa alichojifunza. Hucheza, huigiza, na akiigiza hakuna wa kununa. Nimewafundisha wali wengi hivyo. Salima akaletwa kafunikwa, akafunuliwa, anang'aa kama samli. Ngoma ikanyamaza. Akainuka, akajaza kanga tumboni na matakoni hadi akawa na mwili wangu. Akatembea kwa magoti yangu. Akasimama kando ya kinu kama ninavyosimama kando ya televisheni, na kwa sauti yangu, sauti yangu yenyewe na pumzi zake, akasema, "Jamani, Kizungu changu kinaishia gudi moning ticha!"

Wanawake wakalala chini. Mwanabibi akalia kwa kweli. Mtoto akaendelea, na sijui nani alimsimulia: akanionyesha napokea soda, nashika kiuno, natupa jicho kwenye ukuta kuhakikisha umesikia. Kila kiungo changu kibovu alikitoa na kukipitisha uwanjani kama mnadani. Shufaa alikuwa anacheka kajifunika uso, mabega yanakwenda. Alilipiwa. Alilipiwa na mwanawe, mbele ya mji mzima, kwa sarafu yangu mwenyewe.

Na mimi nikacheka kwanza, kama kawaida yangu.

Halafu Salima akakohoa. "Vumbi la banda hili litaniua," akasema kwa sauti yangu. Akakohoa tena. Wanawake wanasubiri kichekesho kinachofuata. Hakikufuata. Alisimama tu pale, na kanga zake tumboni, ananitazama. Wengine wakadhani kasahau, wakampigia makofi, ngoma ikaingia.

Nikainama, wakampandisha mabegani. Ni mzito, mlo wa ndani umemkaa. Goti la kulia likaniuliza kama nina akili. Tukatoka mtaani, vigelegele, mtu wa kamera kafika na matope yake yote, anatembea kinyumenyume mbele yetu na mashine yake begani. Hatujafika hata kwa Mahamudu, mtoto akainama sikioni kwangu.

"Shangazi. Pale unapokohoa kila Alhamisi. Yule msichana anafanya nini?"

Yeye hakuiona filamu. Aliisikia tu.

"Analia," nikasema.

"Analilia nini?"

"Sijui, mwanangu. Sijui Kizungu."

Nikambeba hadi mwisho wa mtaa na kumrudisha, na sikutua.

Jumatatu, 20 Juni

Siwezi kunyanyuka. Tahiri ananikanda mafuta ya nazi, anaigiza farasi.

Alhamisi, 30 Juni

Mtu wa kamera kaleta kanda ya mwali wetu, ile ya mtaani. Mahamudu kaiweka leo. Banda limejaa hadi waliokaa wamekaliwa. Nikanyanyuka kwenda kando ya televisheni, na nani nikamkuta kasimama pale? Shufaa, kidole mdomoni.

"Leo nasimulia mimi," akasema. "Wewe nenda jikoni."

Nikakaa. Kelele za watu! Picha ikaja, nami nimo, loo. Hakudanganya siku ile ya Idi. Ni gunia, na limebeba kikapu.

"Tazameni gunia la korosho linavyopelekwa sokoni!" akasema wifi. "Tazameni goti la kushoto linavyoliaga la kulia! Huyu anadhani anabeba mwali, kumbe mwali ndiye anayemshikilia asianguke!" Alikuwa hodari. Inaniuma kuandika, lakini alikuwa hodari, na kila neno lilinipata, nami nikawa nacheka machozi yananitoka huku nikipanga nitakavyomlipa siku ya harusi ya Salima.

Halafu pakafika pale. Kwenye picha Salima anainama sikioni kwangu. Anasema. Na uso wangu, ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuuona, ukaonekana kwenye kioo ukubwa wa sinia.

Kidole cha Shufaa kikashuka mdomoni. Jenereta likasikika.

"Wifi," akasema, si kwa sauti ya kusimulia. "Hapo alikwambia nini?"

Banda zima likanigeukia.

Nikakohoa.